Madebe Nisiyoyanusa

Mdogo wangu tuliyenyonya ziwa moja,

Salamu kwanza, ugomvi baadaye. Hujambo? Kifua kimepoa? Sisi wazima. Wajukuu wanakula kama mchwa, magoti yangu tu ndiyo yamegoma.

Barua yako nimeisoma kwa shida, maana uliiandika kwa hasira. Unasema binti yako amekuaibisha kwa kufukuzwa kazi hapa kituo cha maziwa, eti hakuosha tangi, na asikanyage kwako. Sasa nyamaza unisikilize.

Unakumbuka nilivyoteleza kwenye sakafu ya kituo nikapigiza kisogo chini. Nilikuambia nimepona. Daktari alinionyesha picha, akasema juu ya pua, nyuma ya paji la uso, kuna sehemu ya ubongo ndogo kama maharage mawili, ndiyo inayopokea harufu. Mshtuko ulikata nyuzi zinazotoka puani kwenda huko. Nikamwambia sikuja darasani, anipe dawa. Akasema dawa hakuna.

Mimi ninayepokea maziwa kwa kunusa, miaka ishirini na sita, ningemwambia nani? Nikaendelea kufunua madebe na kuinamisha pua. Nilichonusa ni nyuso. Mwenye maziwa mabovu hakutazami. Anatazama debe, au anakuulizia wajukuu asiowajua. Miezi minne sikukosea. Nilijisifu, ndiyo, na nilikuwa na haki.

Jumanne ile akaja yule mzee wa ng'ombe wawili, mkweli mpaka anakera, mafua yamembana. Maziwa yake yamechacha na mwenyewe hajui. Uso mweupe kama sahani iliyooshwa. Nikayapitisha. Tangi zima likaharibika, meneja akamrukia binti yako, nami nikafumba mdomo siku tisa.

Ni mimi, mdogo wangu, si yeye. Lile tangi aliliosha mpaka unajiona ndani. Mfungulie mlango leo hii umwombe radhi. Radhi yangu usinibebee, nitamwomba mwenyewe.

Kesho asubuhi nasema mbele ya wote. Meneja ataniambia nikapumzike. Sipumziki. Maziwa yaliyochacha ukiyachemsha yanakatika, na hilo linataka macho, halitaki pua. Nitakaa kwenye kigoda changu mpaka amrudishe mwanetu kazini na mimi aniletee jiko na sufuria. Pua imekufa, mimi sijafa.

Msalimie shemeji. Ukijibu, anza kwa kunieleza kama mtoto amekula. Matusi ya kunitukana yafuate.

Ni mimi dada yako mkubwa, upende usipende.