Wanamwita Binti Yangu Kimbiamoto

Jumapili, baada ya kanisa. Jua kali, na upepo wa hapa Isinya umeleta vumbi mpaka kwa sufuria. Nimefunga madirisha lakini haisaidii. Na roho yangu iko vile vile, kuna kitu kimeingia na hakitoki.

Leo nimemcheka mtoto wangu. Wacha niandike hivyo hivyo, nisizunguke.

Wenye wamezoea kusoma hapa wanajua niko na Simaloi, kifungua mimba wangu, na wanajua kazi yake ni zimamoto. Mimi niliishia darasa la tano. Yeye ndiye alinifungulia hii blogu kwa simu, akanionyesha pa kubonyeza. Siku alivaa ile kofia yao mara ya kwanza, nilizunguka Kitengela yote nikionyesha watu picha, hata watu sijui.

Sasa Alhamisi mchana lori ilikuwa inapeleka baruti kwa machimbo, ile ya kupasua mawe. Ilipofika kwa maduka yetu hapa barabara ya Namanga, tairi za nyuma zikashika moto. Dereva akasimamisha, akaruka, akatoroka bila kuambia mtu kitu. Kwa lori kulikuwa na kibao cha rangi ya chungwa na picha ya kitu kinapasuka. Nilikiona kwa macho yangu. Nilidhani ni tangazo.

Watu walifanya kile tunafanyanga siku zote. Walikuja mbio, wengine na simu, wengine na magunia, ati pengine ni sukari.

Zimamoto wakifika, moto ulikuwa umepanda kwa turubai, umeingia kwa mzigo. Nilimwona Simaloi akiruka chini. Nikangoja avute mpira wa maji. Sisi wote tulingoja. Lakini mkubwa wao aliangalia kile kibao, akapunga mkono, na wakaanza kutufukuza. "Rudini nyuma! Hapana hapo, endeni mpaka soko la mbuzi!" Simaloi alipiga kelele kwa Kiswahili, akarudia kwa Kimaa, mpaka sauti ikakauka. Na gari lao wakalirudisha nyuma, likiwa limejaa maji.

Hapo ndio kijana mmoja alisema, "Hawa si zimamoto, hawa ni kimbiamoto!" Watu wakaangua kicheko, na bado wanakimbia.

Mama Zamzam alikataa kutoka. Huyu ni rafiki yangu, familia yao ilitoka Garissa zamani, anauza mashuka na ndoo na viatu vya shule. Simaloi akienda kusomea hii kazi, yeye ndiye alimpatia sweta. Alishika mlango wa duka kwa mikono miwili. Simaloi akambandua kidole kimoja kimoja, akamvuta, na mtandio ukamtoka kichwani mbele ya wanaume wote. Alimburuta hivyo, kichwa wazi, analia, mpaka kwa soko la mbuzi.

Tukakaa huko tukingoja ilipuke.

Haikulipuka.

Iliwaka tu, moto mweupe wenye huwezi kuangalia, mpaka ikaisha yenyewe. Upepo ukachukua cheche ukapeleka kwa maduka. La Mama Zamzam likawa majivu, na mengine mawili kando yake. Hakuna mtu alikufa. Hakuna hata mtu alichomeka. Na tangu Alhamisi sijasikia mtu akisema hivyo, ati sote tuko hai.

Jioni yake Simaloi alinieleza, macho mekundu ya moshi. "Mama, moto ukishaingia kwa baruti hauzimwi. Unatoa watu, unakaa mbali, unangoja. Hiyo ndiyo kazi."

Nikamuuliza, "Hata maji kidogo kwa maduka?"

"Tumwage tukiwa tumesimama wapi, Mama?"

Ijumaa nilimpelekea Mama Zamzam uji kwa dada yake. Miaka yote huyo mwanamke akiniona huniita "Takwenya!" kwa Kimaa chake kibovu, mimi najibu "Iko!" na tunacheka kama wasichana. Siku hiyo hakunisalimia.

"Mama Simaloi, msichana wako alikuwa na gari limejaa maji."

Nikasema, "Alikutoa, dada yangu."

"Nilimwomba anitoe vile?"

Niliweka uji chini nikaenda.

Ndio leo sasa. Kwa mlango wa kanisa wanawake watatu wa kikundi chetu walikuwa wamesimama. Mmoja akasema kwa sauti, "Mama Kimbiamoto! Leo umekuja mbio ama polepole?" Wakacheka. Na mimi nikacheka. Nilitaka tu kipite, niingie, niketi. Kugeuka, Simaloi yuko nyuma yangu amenibebea mkoba.

Alinipatia mkoba akaenda kuketi viti vya nyuma kabisa.

Yeye alikuwa karibu na baruti kuliko mimi, na aliendelea kutoa watu. Mimi wanawake watatu wameshikilia vitabu vya nyimbo wamenishinda.

Nyumbani, tukiosha vyombo, akaniuliza polepole, bila kuniangalia, "Mama, wewe ungetaka niizime?" Nikajifanya maji yanapiga kelele, sisikii. Nikasugua sufuria yenye ilikuwa imeshatakata.

Kuna kitu kingine kibaya zaidi, na sijaambia hata Mungu vizuri. Wakati wa mahubiri nilikuwa natamani ingelipuka. Watu wote wakiwa mbali, mbuzi wote mbali, ilipuke tu mpaka vioo vipasuke Kitengela. Wangembeba Simaloi kwa mabega. Mama Zamzam angeshika ile mikono ilimburuta, aibusu. Na duka lingeisha vile vile! Majivu yangekuwa yale yale. Kitu kimekosekana ni kishindo tu. Watu hawa walitaka kishindo ndio waamini walikuwa karibu kufa, na mimi mama yake nimekuwa mmoja wao.

Nina uchungu nao. Nina uchungu na yule dereva, ambaye hakuna mtu amempatia jina la matusi. Lakini nikiwa mkweli, wengi wao walipoteza kitu ama waliona mwenzao akipoteza. Mimi nilipoteza nini? Nilirudishiwa mtoto mzima.

Wacha nijibu lile swali hapa kwanza, nijaribu maneno. Hapana, sikutaka uizime. Nilipoona gari lenu linarudi nyuma, kabla aibu inishike, nilisema asante Yesu. Nilisema kwa sauti. Ningetaka ukimbie hivyo kila siku ya kazi yako mpaka uzeeke. Na leo nimecheka kwa sababu niliogopa watu.

Anapiga pasi sare yake huko chumbani, kesho yuko zamu ya asubuhi. Nikingoja kesho nitapata sababu ya kunyamaza, najijua.

Naweka simu chini. Naenda kumwambia.