Mgeni Anayesimama Mlangoni

Mshauri mpendwa, naomba unisaidie kabla Jumamosi haijafika, maana nina jambo ambalo siwezi kumwambia mtu wa hapa nyumbani, na mtu wa hapa nyumbani ni mmoja tu, ndiye huyohuyo linayemhusu.

Mimi ni mwanamke wa makamo, sijaolewa, naishi na baba yangu tangu mama alipofariki, yeye na chumba chake, mimi na changu, ukuta mmoja katikati. Baba alikuwa mpiga chapa, mashine zilimharibu masikio, kwa hiyo kila anachosikiliza hukifungulia sauti mpaka mwisho. Kazi yangu nikiieleza watu hucheka, lakini ni kazi. Nimeajiriwa na kampuni inayouza zana za watu wanaoandika programu za kompyuta, na mimi ndiye ninayewakusanya hao watu wajuane, waulizane, wasaidiane, wasihamie kampuni nyingine. Wametawanyika kila mahali, basi nimewajengea ukumbi ndani ya mtandao, una jukwaa, viti, madirisha, na hata mmea kwenye kona usiohitaji maji, na kila Jumamosi mchana wanaingia, kila mmoja na mwili wake wa kuchora, huyu kajifanya twiga, yule kavaa koti ambalo mshahara wake haulijui, wanazunguka, wanapiga soga, mmoja anapanda jukwaani kuonyesha alichotengeneza.

Nina utaratibu mmoja pale ambao ndio umenipa sifa kazini. Mgeni yeyote akiingia namfuata mwenyewe kabla hajaanza kujiona mgeni, namuuliza anatengeneza nini na amekwama wapi, na wiki inayofuata nalikumbuka jibu lake.

Sasa kuna mmoja aliyekuja na ule mwili wa kijivu anaopewa mtu asiyejua kuchagua nguo, akawa anasimama palepale alipoingilia, nadhani vitufe vya kutembea vilimshinda, tukamwita Mgeni wa Mlangoni. Hana maiki, mimi naongea, yeye anaandika, polepole mno. Siku ya kwanza aliandika, "Nimestaafu, sitengenezi kitu, naomba kusikiliza tu." Nikamwambia hapa hakuna wa kusikiliza tu, ajione yuko nyumbani. Tangu hapo hajakosa Jumamosi hata moja.

Wenzake wakiondoka mimi hubaki kufunga ukumbi, naye hubaki, tunazungumza. Nimemwambia mambo ambayo sijamwambia yeyote, kwamba nikizima kompyuta chumba kinakuwa kimya mpaka nawasha redio ambayo hata siisikilizi, kwamba mamia ya watu wananijua na hakuna anayejua kuwa nakula nimesimama jikoni. Naye akaniambia mke wake amefariki, anaishi na mwanawe, kuna jambo angependa kumwambia lakini mtoto ana shughuli nyingi. Nami kwa ujuaji wangu nikamshauri, "Mwambie tu, sisi watoto hatujui mpaka tuambiwe." Akaandika, "Nitamwambia akipata nafasi."

Jumamosi iliyopita hedifoni zangu ziliisha chaji katikati ya mkutano, nikazivua, nikaendelea kuongea, nikasema karibuni wote, na sauti yangu mwenyewe ikatoka ukutani ikisema karibuni wote, imechelewa kidogo tu. Nilidhani ni mwangwi. Nikasema, Mgeni wa Mlangoni, leo umewahi, na ukuta ukayarudia maneno hayo, kisha nikasikia vidole viwili vikigonga vitufe kimoja kimoja, na mbele yangu yakatokea maandishi, "Nimewahi ili nikusalimie kabla hawajakuzonga." Mshauri, ukuta ule ni wa chumba cha Baba. Nikakumbuka nilivyomwonyesha Baba tangazo la ukumbi akalalamika kwamba herufi za anwani ni ndogo mno, nikasema moyoni haya ni mambo ya wapiga chapa, kumbe alikuwa anainakili. Nikakumbuka pia kwamba siku hizi hunigongea mlango na kuuliza, "Una nafasi, mwanangu?" nami bila kugeuka hujibu, "Baadaye, Baba, nina wageni."

Balaa ni kwamba Jumamosi hii ukumbi unatimiza mwaka, wanachama wamepiga kura wampandishe Mgeni wa Mlangoni jukwaani, wampe nishani ya uaminifu, aeleze yeye ni nani, na wakubwa wa kampuni watakuwepo. Nikinyamaza atadhalilika mbele za watu. Nikimwambia nimeshajua, naogopa ataona haya aache kuja, na nitakuwa nimempoteza mtu pekee ninayeongea naye, nibaki na mzee wa chumba cha pili ambaye yetu ni shikamoo na marahaba. Nifanye nini?

Mwenye Ukumbi

*

Pole sana, mwanangu. Barua yako nimeisoma, nikaenda kunywa maji, nikarudi nikaisoma tena, na mara ya pili nikakasirika. Nivumilie.

Umenieleza habari za jukwaa, nishani, wakubwa wa kampuni, mpaka mmea wa kwenye kona. Kitu kimoja hukukitaja. Baba yako anataka kukuambia nini? Hujui. Alipogonga ulimwambia baadaye, na tangu ugundue siri hii umepata nafasi ya kuniandikia mimi nisiyekujua, ila ya kufungua mlango wa pili hujaipata. Huenda anaumwa. Huenda kapata mchumba. Huenda anataka tu umbadilishie balbu. Mimi siwezi kujua, na mlango aliougonga si wangu.

Halafu unaogopa ataona haya, kana kwamba alijificha. Alijificha wapi? Mtu anayejificha hafungulii spika mpaka ukuta useme. Aliijua sauti yako, aliinakili anwani mwenyewe kwa macho ya kizee, akaja mahali alipoona watu wanapokelewa vizuri, akasubiri zamu yake pamoja na twiga wako. Hilo litakuuma, na linastahili kukuuma, lakini usijichape nalo wiki nzima. Nawe ulikuwa mpweke, nimeliona hilo katika kila mstari wa barua yako, na limenisikitisha. Mmekaa ndani ya nyumba moja, kila mmoja akidhani mwenzake anataka kuachwa kimya.

Unasema utampoteza mtu pekee unayeongea naye. Utampotezea wapi? Aliyesikiliza habari za kula umesimama ni yuleyule anayekula mezani peke yake.

Sasa fanya hivi, na usinibadilishie. Leo hiihii waandikie wanachama wako kwamba mgeni yule hapendi jukwaa, nishani wampe mwingine. Hakuna haja ya maelezo marefu, wewe ni mwenyeji, watakusikia. Jumamosi ukumbi mpe twiga auongoze. Wakubwa wakinung'unika, waambie una mgeni nyumbani, na kwa mara ya kwanza hutakuwa unadanganya. Usimfichulie Baba siri yake ndani ya ukumbi, wala usimtege kwa maswali ya mafumbo. Habari ya Mgeni wa Mlangoni utamwambia baada ya yeye kusema la kwake, mkiwa mmekaa, mkiwa mmekula, na nina hakika mtacheka. Kisha mfundishe vitufe vya kutembea, maskini ya Mungu, amesimama hapo muda wote huu.

Lakini hayo yote yatangoja. Usingoje Jumamosi, wala usingoje agonge tena. Ukimaliza kusoma gazeti hili, vua hizo hedifoni, nenda ukagonge wewe, kwa nguvu kidogo maana masikio yake unayajua, na uulize wewe, "Baba, una nafasi?"

Akikujibu baadaye, usikasirike, ni jibu alilojifunza kwako. Kaa chini hapohapo mlangoni umsubiri.