Mikorosho Tuliyoiita Msitu

Mtani wangu Saidi,

Siku ya maziko yako niliingia kaburini nikalala, kama watani tunavyofanya, nikasema hushuki mpaka useme mto ulitoa wapi yale maji. Watu walicheka. Mimi sikuwa natania kabisa.

Unaikumbuka modeli yetu ya bonde la Lukuledi, miaka ya tisini? Tuliipa kompyuta mvua, udongo na picha za setilaiti, hapa msitu, hapa shamba, itupigie hesabu ya maji yatakayotiririka juu ya ardhi hadi mtoni. Kila mvua za kwanza zilipoanguka, mto ulijaa kuliko hesabu. Mimi nililaumu vipimo vya mvua. Wewe ukasema, "Mtani, hata mto umeona huna akili."

Sasa sikia. Miguu imeniishia. Mwaka jana binti yangu Hadija aliniweka kitini shambani kwake Mkotokuyana, niwatazame wakiokota korosho. Chini ya mikorosho palikuwa pamefagiliwa peupe kama uani, korosho ikianguka ionekane. Mvua ya kwanza ikatukuta hapo hapo. Maji hayakuzama. Yalipita chini ya kiti changu, mekundu, yana haraka.

Saidi, kwenye picha mikorosho ni kijani tu, tukaiita msitu. Sisi, tuliokua tukifagia chini yake.

Hadija ni mwalimu, ana kompyuta. Nilimwomba ahesabu upya kwa modeli yetu ile, mikorosho iwe ardhi tupu mvua zinapoanza. Mstari wa mafuriko kwenye ramani ukapanda, ukafunika kiwanja chake kule Nanganga, ambako ameshachoma matofali ya nyumba. Hadija akanigeukia.

"Baba, una uhakika?"

Nikamwambia sina. Amekubali kusubiri msimu mmoja kabla ya kuchimba msingi.

Naungama kwako tu, maana wanangu watalia: daktari anasema moyo umechoka. Kifo hakinitishi. Kinachonikera ni kwamba mvua bado iko mbali, na mimi natamani kujua. Majani yakiachwa kati ya mistari ya mikorosho, maji yatapungua kiasi gani? Na mashamba ya ufuta je? Usiku nalala nayo haya.

Kwaheri, mtani. Ahadi niliyompa Hadija nakupa na wewe: mvua ikinikuta hai, watanibeba hadi Nanganga nikaone maji yanaishia wapi. Ikinikosa, atakwenda peke yake, na matofali yatakaa yalipo mpaka arudi.

Mtani wako,
Hamisi