Pete ya Kitwitwi

Jumanne, 1 Oktoba 1996
Wamerudi. Vitwitwi, ndege wageni wa kila mwaka, wamejaa dimbani kwetu, shamba letu la bondeni, wanadonoa minyoo kati ya matuta ya mke wangu Walburga kana kwamba wamelima wao. Hawana pasipoti, hawana leseni. Soko huria kweli kweli! Mimi niliyekaa masjala miaka kumi na tisa nimepunguzwa kazi kwa barua ya mistari mitatu. Tangu hapo tunaishi kwa figiri na nyanya za mke wangu.

Ijumaa, 4 Oktoba
Vigingi! Vyekundu, bonde zima. Kimoja kimepigwa katikati ya vitunguu vya jirani yetu Zena. Bwana wa mradi anasema bonde linakuwa hifadhi ya ndege wahamao. Mvua za kwanza zikianguka, marufuku jembe. Walburga akamwuliza, tule nini? Eti watalii watakuja. Mtalii gani aje Mjimwema kutazama kindege kisichoshibisha hata paka!

Jumapili, 6 Oktoba
Tumetoka misa. Njia nzima Walburga analaani: aliyewapelekea hao watu habari za bonde letu, mkono wake ukauke. Nikaitikia amina. Shetani mimi!
Niliandika mimi. Hajui. Mwaka juzi mtego wangu ulinasa kitwitwi mwenye pete mguuni, imeandikwa Moskwa na namba. Kitwitwi tulimla na ugali. Pete niliituma Moskwa kwa posta. Wakajibu — jamani, walijibu! Kumbe alianguliwa huko juu kabisa duniani, kwenye kinamasi cha nchi ya barafu, ambako kiangazi jua halitui. Kule ni hifadhi, mtu haruhusiwi hata kukata nyasi. Wakauliza, na kwenu hali ikoje?
Ningesema ukweli. Lakini nilikuwa na mwaka mzima sijaandikiwa barua na mtu, na hawa waliniita Bwana Osmund. Niliona haya kusema wao wanamlinda, sisi tumemtia chumvi. Nikajaza kurasa mbili za Kiingereza cha ofisini, kwa mwandiko wangu wa mikia mirefu: bonde letu ni tupu, halijawahi kulimwa, ndege wanatulia bila bughudha. Nilidhani watanipa kazi ya kuwahesabu. Bure kabisa!

Jumatano, 9 Oktoba
Mkutano. Bwana wa mradi akainua karatasi iliyopitia Moskwa: nakala ya barua yangu. Mwenyeji wenu mwenyewe ameandika kwamba hapalimwi, akasema, kwa hiyo hapa hahamishwi mtu, hakuna wa kulalamika. Jina hakulitaja. Nakala ikapita mkono kwa mkono. Ilipofika kwa Walburga ikakaa. Kiingereza hajui hata kidogo. Akaitazama, akaitazama, akampa Zena.
Wakaamua tupeleke barua ya kupinga. Nani aandike? Wote wakanigeukia. Wewe ndiye mwenye mwandiko, akasema Zena, Mungu akujalie. Nikakubali.

Alhamisi, 10 Oktoba
Leo Walburga hakunisalimia. Amenitengea chai, pembeni karatasi na kalamu.
Nikasema nitakwenda mjini kuipiga taipu, ipendeze.
— Hapana, Baba Careen. Uandike kwa mkono.
Nikamwuliza kwa nini.
Akasema ili waziweke barua hizo mbili pamoja, waone zimeandikwa na mtu mmoja.
Sikukana. Hakupiga kelele, afadhali angepiga! Akanitajia polepole maneno ya kuandika: bibi yake alilima pale, mama yake alilima pale, yeye analima pale. Na kwamba mimi niliyeandika mwanzo nilisema uongo, huku nikila mboga za hapo hapo. Halafu chini, jina langu lote.
Zena na wenzake wanakuja saa nne kutia dole gumba. Lazima wasomewe kwanza, kwa sauti, na mwandishi. Sasa ni saa tatu na nusu. Walburga amekaa mlangoni, anachambua mbegu za figiri. Hajasema atazipanda wapi.
Kwenye karatasi ile nimeandika tarehe tu.