Darasa Uliloliacha Masaka

Papa,

Tuliondoa matanga yako Jumamosi, na tangu siku hiyo Kaka Deo hapokei simu yangu. Mama anapita katikati yetu kama mtu aliyebeba chai ya moto, hataki kummwagia yeyote. Nakuandikia kwa Kiswahili cha Bujumbura, kile ulichokulia nacho ukimbizini na kunigombezea nacho hapa Kigali, maana Kinyarwanda changu chote kimeishia kwenye ugomvi.

Acha nikueleze. Familia ilinichagua mimi nisimulie maisha yako mbele ya watu. Mimi ni mwalimu, kwa hiyo kusema ndiyo kazi yangu, ndivyo Deo alivyowaambia. Nilifurahi. Halafu Ijumaa, watu wakipanga viti, akanivuta nyuma ya hema: "Unasema mwalimu, unasema mkaguzi, unasema waziri. Pale unaishia. Ile ya Masaka unaiacha, iko watu wakubwa wa serikali, wa Kacyiru, wanakuja." Nikamtazama Mama. Mama akatazama sufuria.

Unajua sababu, Papa. Ulipotoka wizarani tulidhani utapumzika. Wewe ukaenda kuomba darasa la kwanza katika shule ile ya Masaka, pembeni mwa Kigali, karibu na kashamba kako. Waziri mzima nyuma ya pikipiki ya kukodi, chaki imeupaka mfuko wa koti! Watu wakasema umechanganyikiwa, wengine wakasema umefilisika. Aliyebebeshwa maneno yale ni Deo, pale kwenye duka lake Nyabugogo. Wenzake walikuwa wanamwuliza kila asubuhi kama mzee ameshajua kusoma. Sikatai, yalimuuma. Hata mimi yangeniuma.

Lakini Deo hakuwepo siku ile uliponichukua kwenye ziara yako ya shule, ukiwa bado waziri. Mkuu wa shule alikuwa ameandaa ofisi, vitambaa vyeupe na Fanta. Ukapitiliza, ukaenda kukaa dawati la nyuma, magoti yakigonga mbao, ukamwomba mtoto mmoja akusomee. Alisoma vizuri, bila kukwama hata mahali pamoja. Ukakigeuza kitabu juu chini, taratibu, kama mchezo. Akaendelea kusoma vilevile, kidole kikipita juu ya maneno. Hukumgombeza, wala mwalimu wake hukumgombeza. Uliwashukuru, ukapanda gari. Tulipofika Kacyiru ukaniambia: "Nimesaini makaratasi mengi, binti yangu. Na huyu mtoto hajui kusoma."

Uwaziri hukuuchezea, hilo nalijua. Shule zilijengwa. Lakini ualimu haukukutoka. Waliniambia kwamba mkutanoni, mkubwa akichelewa, ulikuwa unanyamaza katikati ya sentensi na kumngoja mpaka aketi, kama ulivyozoea kumfanyia mtoto wa darasa la tatu. Waliocheka walicheka, waliokasirika walikumbuka. Redio ilipotangaza mabadiliko ya mawaziri na jina lako halikusomwa, Mama alilia. Wewe ulimwuliza kama kuna shati lililopigwa pasi.

Sasa Jumamosi. Watu wa Kacyiru walikaa mbele kwenye viti vyenye vitambaa. Walimu wa Masaka Deo aliwaweka hema la nyuma, karibu na masufuria. Nikaanza. Nikasema Bujumbura, nikasema miaka ya ukaguzi, nikafika kwenye "akateuliwa waziri". Watu wakapiga makofi, na Deo akamwashiria padri asimame kwa sala.

Padri akasimama. Mimi sikuketi. Papa, nilikisogeza kipaza sauti mdomoni mpaka kikapiga kelele. Nilimwona Deo ananitikisia kichwa, hapana, hapana, na nikajua nikisema nampoteza. Nikasema: "Baada ya hapo alipanda cheo. Akapewa darasa la kwanza Masaka."

Mmoja wa mbele alicheka, akidhani ni utani. Nikawasimulia kuhusu yule mtoto na kitabu. Deo aliinuka akatoka.

Baba mdogo alimfuata akamrudisha, kwa kuwa ilikuwa zamu ya desturi: kumtaja mbele ya watu atakayechukua nafasi yako. Akamtaja Deo, akamketisha kwenye kiti chako. Nilipiga makofi kwa moyo wote. Ni mkubwa wetu, ni haki yake.

Basi Madamu Spesi, mkuu wa shule ya Masaka, akasimama kule nyuma. Hakuomba hata kipaza sauti. "Mmetuonyesha mwenye kuchukua kiti. Na darasa yake, nani anachukua? Watoto iko wanangoja."

Baba mdogo akakohoa. Deo akanitazama, na safari hii hakuwa na hasira, alikuwa na hofu. Ananijua. Ile shule binafsi ya mjini ninakofundisha ni yeye aliyenitafutia nafasi, na watoto wangu wanasoma pale kwa nusu ya ada kwa sababu mimi ni mwalimu wa pale. Nilijua ninachokitupa. Nikainua mkono.

Mama alisema "Yezu wangu!" hadi barabarani wakasikia. Wageni walipoondoka akaniuliza tu, "Na weye tena?" akanishika kichwa kwa mikono miwili, akalia, na mimi nikalia. Sijui kama alikuwa amekasirika. Nadhani na yeye hajui.

Ninaogopa, Papa. Watoto wangu watahama shule, na mdogo ameshaninunia. Nimezoea kufundisha wakubwa wanaojibizana nami, sijui kumshika mtoto mkono akiandika. Na ninakukasirikia kidogo, nikwambie ukweli. Uliondoka bila kumwonyesha mtu yeyote ulivyokuwa unafanya.

Deo nitamfuata. Nakuahidi, nitasimama dukani kwake Nyabugogo mbele ya wateja wake mpaka anisalimie. Kiti chako nitakiheshimu. Radhi sitamwomba.

Lala salama, Papa. Kesho asubuhi naingia darasani. Nilimwuliza Madamu Spesi umewafikisha watoto herufi gani, naye hajui, hakuna ajuaye. Nitawauliza wenyewe.

Binti yako,
Klodina