Kompyuta ya Mazishi

Jumatatu, 6 Oktoba 2025
Kompyuta imechukua dakika kumi na nne kuwaka. Wateja waliotoka Sikuda wakatazamana, wakavuka barabara kwa Patricia, naye anachapa kama mimi. Mazishi ni kesho, wangengoja nini? Miaka tisa naandikia watu programu za mazishi, ratiba na nyimbo na majina ya watoto, kwa mashine hii. Sasa inanizika mimi.

Jumatano, 8 Oktoba
Opendi, fundi wangu wa Tororo, ameifungua. Vumbi! Anasema RAM na diski mpya, laki tatu na nusu, itakimbia — ila Windows mpya haitakubali, mashine ni nzee mno. Au ninunue used upande wa Kenya, laki nane. Laki nane ni karo ya binti yangu Juliet. Hapo hakuna cha kufikiri. Nafikiri tu.

Jioni Mzee Mangeni wa Lunyo akaja kurekebisha programu yake. Ndiyo, yake mwenyewe! Ana miaka themanini na moja, yu hai, na kila mwezi anabadilisha wimbo. Ukurasa wa watoto haugusi: saba, wa kwanza Damalie, wa yule mke wake aliyemfukuza. Nikataka kumprintia akae nayo. Akakataa. "Hawa vijana wangu wakiona wanachoma. Wacha tu ikae humo ndani, mwanangu."

Jumamosi, 11 Oktoba
Basi, RAM na diski. Opendi akauliza kama anihamishie mafaili ya zamani, elfu arobaini juu. Elfu arobaini! Ya nini? Wote waliomo walishazikwa, nani atarudi kudai programu yake? Tukacheka. Diski ya zamani ameichukua, akanipunguzia elfu ishirini.

Jumanne, 14 Oktoba
Sekunde ishirini! Patricia amepita mara mbili kuchungulia. Wateja watatu. Lakini sina raha, sijui kwa nini. Labda ni ile pesa.

Jumatatu, 20 Oktoba
Mzee Mangeni amefariki jana. Wanawe Vincent na Arnold wameniletea karatasi yao ya kuchapwa. Watoto: sita. Damalie hayumo.

Nikaenda kutafuta faili lake — na hapo ndipo nikakumbuka. Lilibaki kwenye diski ya zamani. Nikatoka nje kumpigia Opendi. Aliifuta zamani, sasa iko kwenye kamera za ulinzi za duka fulani Tororo. "Lakini madam, si ulisema iko na wafu tu?"

Mjinga mimi! Mtu mmoja tu alikuwa hai humo ndani, na nikamsahau kwa elfu arobaini.

Damalie naye amepiga simu kutoka Mukuju, alikoolewa. Baba yake alimwambia: siku yangu ikifika nenda kwa Loy wa kompyuta, jina lako analo. Yuko njiani. Nitamwonyesha nini? Na hao kaka zake nitawaambia nini — kwamba mzee aliniandikisha saba? Nani ataniamini bila karatasi?

Vijana wameenda kula. Saa tisa wanarudi kuchukua nakala mia mbili.

Nimeandika majina sita, kila moja na namba yake. Nikabonyeza Enter, na 7 ikajitokeza yenyewe, mbele yake patupu. Sijaifuta. Sasa ni saa tisa kasoro kumi.