Kilo za Mtoto wa Naswa

Kisian, Jumatano

Kaka Okello,

Sisi wazima, ila mvua imeharibu barabara ya zahanati. Nakuandikia kuhusu binti yako Adero, aliyetuandikia programu sisi wauguzi. Anasema klasi yake ya Mgonjwa, yaani kile kipande cha programu kinachotengeneza rekodi za wagonjwa, hukagua kila namba inayoingia kabla ya kuunda rekodi. Jana mtoto mchanga wa jirani yetu Naswa aliandikwa kilo hamsini na mbili badala ya tano nukta mbili. Programu ikakataa, la sivyo angedungwa dawa mara kumi ya kipimo chake.

Nilimuuliza Adero, "Hata mimi huniamini?"

"Nakuamini, Anti. Lakini namba zako nitazikagua."

Namba ile niliiandika mimi, kaka. Ulimnyima baraka alipoenda kusomea kompyuta. Mpigie leo umpe.

Dada yako,
Jacinta